Chimni niliyomjengea mama huko Mweiga ilikuwa haitoi moshi ndani hata kidogo

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyeri, ambako leo ni siku ya nne hatujaona jua na nguo kwenye kamba zinazidi kulowa badala ya kukauka.

Hapa jukwaani mimi husoma zaidi kuliko kuandika. Leo naandika, na sitaongeza wala kupunguza, hata pale ninapoonekana mjinga. Na kuna mahali nitaonekana mjinga.

Kwanza mnijue. Mimi si fundi wa kubahatisha. Nilitoka hapa na begi moja, nikakaa Scotland miaka kumi na moja. Nilianza kwa kuosha sufuria hotelini, nikamaliza nikiwa na diploma ya mifumo ya kupasha nyumba joto. Fireplace, stove za kuni, mabomba ya moshi, hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna harambee niliyofanyiwa.

Niliporudi nilifungua workshop yangu Nyeri mjini. Ukiona chimni safi kwenye cottage za wageni kuanzia Mweiga hadi Nanyuki, uliza ni nani aliijenga. Mara nyingi utaambiwa jina langu. Sijisifu, nawaambia tu mjue ni mtu wa aina gani aliyefanya haya.

Mama yangu anaishi Mweiga. Baba alishafariki, kwa hiyo alikuwa peke yake na ng'ombe watatu. Alikuwa akilala kwenye nyumba ya mbao tulimozaliwa, na jikoni kwake kulikuwa banda la mabati huko nje, mawe matatu, masizi kila mahali. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na pengo la kupitisha mkono mzima. Akiwasha moto, moshi unatokea kila upande, mpita njia anaweza kudhani banda linaungua.

Niliona aibu. Mtu wa chimni, halafu mama yake anakohoa moshi?

Nikamjengea nyumba ya mawe. Jikoni nikaweka gesi. Sebuleni nikaweka fireplace, na mlango wa chumba chake cha kulala nikauelekeza moja kwa moja sebuleni ili joto limfikie kitandani.

Siku ya kubariki nyumba, fireplace ilinitia aibu. Watu wa kanisa wamekaa, chai imemiminwa, moshi ukarudi ndani mpaka mchungaji akafunga Biblia na kutoka nje akipangusa macho. Mama alicheka, mimi sikucheka.

Kesho yake nikaanza troubleshooting, kutafuta kasoro iko wapi. Nikawasha gazeti chini ya koo la chimni, pale moshi unapoingilia, nikatazama moshi unavyokwenda. Ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi. Nikapanda juu ya paa. Kumbe mdomo wa chimni ulikuwa chini ya kilele cha paa, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Aberdares ukigonga paa unajipindua na kuingia chimni kutoka juu. Nikaiongeza futi nne. Koo nalo lilikuwa pana mno, nikalipunguza kwa matofali yanayohimili moto. Nikawasha tena.

Moshi ukapanda kama umeitwa. Hata harufu huisikii. Wenye kujua kazi hii wanaelewa raha hiyo.

Sasa ikabaki baridi. Mwezi wa saba Mweiga si mchezo. Mama alilalamika kwamba moto ukizima, upepo unashuka kwa chimni na mwingine unaingia kwa yale matundu yaliyo juu ya madirisha. Nikaenda kwa welder, akanitengenezea damper, ule mlango wa chuma unaokaa ndani ya koo la chimni na kufungwa kwa mkono. Kule Scotland tulifundishwa kwamba damper ya kuni lazima iachwe na tundu, ili hata ikifungwa isizibe kabisa. Nilikumbuka. Lakini mama alikuwa anatetemeka, nikamwambia welder aifanye izibe vizuri. Ilikaa sawasawa kama kifuniko cha sufuria.

Madirisha nikayawekea raba. Halafu nikaagiza matundu yote ya hewa yapigwe plasta.

Fundi aliyejenga kuta anaitwa Gichuki. Alikuwa akipanga mawe kabla mimi sijaanza shule. Alisimama na karai lake la simiti akanitazama.

"Engineer," akasema, "hii sasa umetengeneza ni thermos. Mama atapumua hewa ya wapi?"

Vibarua wakacheka. Nikamuuliza, mbele yao wote, yeye amejenga chimni ngapi maishani. Nikamwambia ashike mwiko wake apige plasta. Mtu wa rika la baba yangu, nikamwita kwa jina tupu.

Alishika mwiko. Aliziba tundu moja baada ya jingine, polepole.

Nikamfundisha mama kutumia damper. Jioni fungua, washa moto. Ukienda kulala na moto umezima, funga, joto lisitoroke. Nilimfanya arudie mara tatu mbele yangu. Mama ni mtu wa kushika anachoambiwa, wala hakukosea hata siku moja.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kuniambia kwa simu kwamba anaamka na kichwa kizito. Akienda kliniki ya hapo Mweiga, pressure iko juu kidogo, anapewa tembe. Akaniambia pia kwamba akishamaliza kukamua ng'ombe huwa kichwa kimepoa. Alidhani ni uzee. Nikamwambia apunguze chumvi.

Wakuu, isomeni tena sentensi hiyo.

Swali la kwanza tulilofundishwa kumuuliza mteja anayeumwa kichwa ndani ya nyumba yenye moto ni hili: ukitoka nje kinapoa? Nimeliuliza kwa nyumba za watu nisiowajua. Mama yangu alinijibu bila hata kuulizwa, na sikusikia, kwa sababu chimni yangu ilikuwa haitoi moshi ndani. Carbon monoxide, ile gesi ya sumu ya moto usiopata hewa, haina moshi. Haina harufu wala rangi. Hilo liko ukurasa wa mwanzo wa masomo yangu.

Najua kuna mtu atauliza kuhusu alarm, kile kifaa kinacholia kikinusa gesi hiyo. Nilikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya kabati la workshop, nawauzia wenye cottage. Kwa mama sikuweka. Niliona kuweka alarm kwenye kazi yangu mwenyewe ni kama kujitilia shaka.

Jumamosi moja asubuhi nikapigiwa simu na Ndirangu, kijana anayekusanya maziwa kwa pikipiki.

"Engineer, mikebe haiko kwa gate na ng'ombe zinalia," akasema. "Nimebisha, mama hafungui."

Nikamwambia avunje mlango. Nilipofika alikuwa amemtoa nje, amemlaza kwenye nyasi na kumfunika koti lake la mvua. Mama alikuwa anapumua. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitafuta. Alikuwa ametapika. Tukamweka kwenye gari nikampeleka hospitali Nyeri.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, maswali yake ya haraka. Akaniuliza kama mgonjwa alilala na jiko la makaa ndani ya nyumba.

Nilikasirika. Nilisikia kama ameniuliza kama mama yangu ni maskini.

"Daktari, mama yangu hakai nyumba ya jiko," nikamjibu. "Ako na fireplace, na chimni nimejenga mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa hayo mambo."

Akaandika nilichomwambia. Wakaendelea na upande wa pressure na stroke, kwa sababu mtaalamu, yaani mimi, alikuwa amesema upande wa sumu ya moto haupo. Akanituma nilete tembe zote ambazo mama alikuwa anameza.

Nikarudi Mweiga. Mlango ulikuwa wazi jinsi Ndirangu alivyouacha, nyumba imeshapoa. Tembe zilikuwa kwenye ukingo wa mawe chini, mbele ya fireplace. Nilipoinama kuzichukua nikaona jivu. Lilikuwa limerundikwa katikati na kulainishwa juu kwa sepeto. Nikaona ajabu, jivu la jana bado linanipiga joto usoni.

Nikachokonoa kwa kijiti. Ndani kulikuwa kwekundu. Kulikuwa na gogo la mti wa grevillea nene kama paja, linajila lenyewe polepole, bila mwali, bila moshi. Nikainua macho. Damper ilikuwa imefungwa, sawasawa kama nilivyomfundisha.

Wengi wenu mliokulia huku mmeshaelewa. Kwa vijana wa mjini, nieleze.

Mama yangu na wanawake wa umri wake hawaachi moto ufe. Usiku anasukuma gogo kubwa, analifunika kwa jivu, na asubuhi anafukua, anapuliza mara mbili, chai inachemka bila njiti ya kiberiti. Nyumba inayoenda kuomba makaa kwa jirani kila asubuhi ilikuwa ikisemwa vibaya. Alifundishwa hivyo na mama yake. Nimekulia kwenye boma ambalo kila usiku moto ulifunikwa hivyo. Katika lile banda lenye pengo chini ya paa, ule moto haukumdhuru mtu yeyote.

Kule nilikosoma, mtu akienda kulala moto wake umekufa. Kwa hiyo nilimwambia "ukizima, funga," na sikuuliza yeye huuzimaje.

Kila usiku mama alikuwa anamtii mama yake kwanza, halafu ananitii mimi.

Namba ya daktari sikuwa nayo. Niliendesha kutoka Mweiga mpaka Nyeri nikijiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimkuta koridoni, nikamweleza kila kitu, hata plasta. Hakunigombeza.

"Nilikuuliza," akasema. Basi. Akaenda mbio, na mama akawekewa oksijeni. Kati ya swali lake na jibu langu la kweli yalikuwa yamepita karibu masaa matatu.

Siku ya pili mama aliweza kuongea. Nilimuuliza kwa nini alifunga damper kukiwa na makaa. Mimi nimepewa jina la babake, kwa hiyo tangu nizaliwe huniita baba.

"Baba, si nilikuwa nimeufunika?" akasema. "Wewe uliniambia nifunge."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananihakikishia kwamba hakusahau.

Watu wa kanisa walipokuja kumwona aliwaambia ni pressure. Walipotoka nikamuuliza kwa nini anaficha. Akasema nikitajwa kwa ubaya hakuna mtu atakayenipa kazi tena hapa Nyeri. Mtu ana bomba la oksijeni puani, anachunga biashara yangu.

Alitoka hospitali akitembea na kutaniana na manesi. Nikadhani tumepona.

Baada ya kama mwezi mmoja akaanza kukaa na kikombe mpaka chai inapoa. Akamkamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshamkamua. Siku moja akaniuliza hii nyumba ya mawe ni ya nani, na ni lini tutarudi kwetu. Daktari alituambia sumu hii ina tabia hiyo, inaweza kuonekana imeondoka halafu ikarudi kichwani baadaye. Huenda ikapungua, huenda isipungue. Mpaka leo haijapungua.

Dada yangu Wambui alikuwa na duka lake la mchele Wang'uru. Amelifunga, amekuja kukaa na mama. Damper nimeing'oa kabisa. Gichuki alikuja kuyafungua matundu yote, na safari hii nilimwita mzee. Alizibua tundu moja baada ya jingine, polepole. Afadhali angenicheka.

Mama amesahau damper. Amesahau majina ya ng'ombe wake. Lakini kila jioni anachukua sepeto na kuanza kufunika moto, vizuri sana, na Wambui anamnyang'anya taratibu huku akimwambia kwamba kiberiti kipo.

Sasa nazunguka nyumba zote nilizojenga chimni, nakata tundu kwenye damper na kuacha alarm bila malipo. Bwana mmoja wa Nanyuki alinifukuza akisema natafuta kazi ya pili. Wengine wananiuliza kuna nini, nawaambia ukweli, na kuna waliovunja oda zao. Mama alikuwa sahihi kuhusu hilo.

Diploma yangu bado ninayo na bado najua chimni kuliko watu wengi hapa mlimani. Lakini niliijua chimni, sikumjua anayeiwasha. Moshi ukirudi ndani, shukuru, umekuonya. Ogopa nyumba iliyofungwa vizuri, moto usioonekana, na mtu anayeamka na kichwa kinachopoa akitoka nje. Na daktari akikuuliza swali, jibu swali, usijibu heshima yako.

Kama ni mimi niliyekujengea na bado sijakufikia, acha kusoma, nenda ufungue damper sasa hivi.

Nyinyi wengine, matusi nitayapokea, yana haki yake. Ila kabla ya kuyaandika, mpigie mama yako simu umuulize moto wake huwa anaufanya nini akienda kulala. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini.