Upepo Hauchomwi Sindano

Mume wangu alipoanza kusinzia mchana, sahani ya ugali ikiwa mbele yake, mama yake alisema ni baridi yabisi. Maungo yalimuuma na jioni mwili ulimchemka. Kwetu Rumonge, ufukweni mwa ziwa, aliyeumwa hivyo tulisema ameingiwa na upepo wa ziwa. Tukaziba dirisha kwa mkeka, nikamkanda kwa mawese ya moto yenye pilipili manga. Usingizi ukazidi.

Ndipo akapita daktari wa Kijerumani, akipapasa watu shingoni nyumba kwa nyumba, akitafuta tezi zilizovimba. Kwa mume wangu vidole vyake vilisita. Askari wake akatufasiria: ni malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na inzi mbung'o, aende kwenye kambi ya wagonjwa akachomwe sindano.

Mama mkwe akacheka. "Bwana askari, upepo unachomwaje sindano? Mtautobolea wapi?"

Mume wangu naye akacheka, akalala kabla hajamaliza kicheko. Hapo nikamwamini daktari.

"Mama, tumpeleke," nikasema.

"Jirani yetu si alikwenda? Amerudi kipofu, mwanangu, na bado anasinzia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona akiongozwa kwa fimbo, akilala akiwa amesimama. Sikuwa na dawa ya tatu.

Askari alitaka jibu kabla ya kuondoka. Nikamtikisa mume wangu, nikamwambia aseme mwenyewe, abaki au aende. Akafumbua macho, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Karibu, mama," akaniambia kwa adabu, akalala tena.