Lori la Masuke Jazz Liliondoka Bila Tarumbeta

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko unaopanda na kushuka, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole. Mbele za watu siwezi kuyasema haya, ndiyo maana nawaandikia ninyi mliokulia kwenye mashamba ya ngano ya Hanang kama mimi.

Enzi zetu mtoto hakununua ubani wa kutafuna. Kombaini ikishapita tuliokota masuke yaliyobaki, tukayafikicha viganjani, tukapuliza makapi, tukatafuna punje mpaka zikavutika mdomoni. Mavuno yakiisha, Jumamosi matrekta yalitolewa karakana na sakafu ikafagiwa, ingawa harufu ya dizeli haikutoka. Hapo ndipo walipopiga Masuke Jazz, bendi yetu. Walikuwa madereva na mafundi wa shamba, watu wa kila kabila, kwa hiyo wakati wa mavuno hapakuwa na dansi. Wanamuziki wote walikuwa juu ya kombaini.

Baba yangu alipiga tarumbeta. Baridi ya mlimani ikizidi, alilibana kwapani ndani ya koti kama kifaranga, lipate joto kabla ya kulipuliza. Wapiga saksafoni wawili walikuwa Wairaqw wenzetu, wa kwetu Tumati. Mama zetu waliuza maandazi mlangoni, na vijana wa Kibarbaig waliokuwa wakichunga jirani walisimama na fimbo zao wakitucheka, halafu nao wakaanza kurukaruka kwa mtindo wao. Siku hizi vijana wanabeba redio kaseti begani. Nikiwaambia bendi yetu ilijaza lori zima, wananiuliza kama watu wote hao hawakuwa na kazi.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wa dereva anayeitwa nyumbani. Tarumbeta liliuliza, saksafoni zikajibu. Sifa zake zilifika mbali, na bendi ikaitwa Dar es Salaam kurekodi kwa ajili ya redio. Shamba likatoa lori. Mama alipiga pasi shati la baba, akalitundika, akalipiga pasi tena.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu Danieli akafa kwa surua.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto ilijitenga kwa miezi. Hamwendi kwa watu, watu hawaji kwenu, na chombo kilichokuwamo ndani hakitoki kwenda kuguswa na wengine, kisije kikawapelekea msiba watoto wao. Waumini wengi walikuwa wameanza kuiacha desturi hiyo, lakini bibi mzaa baba aliishika, na baba alimwogopa bibi kuliko padri. Tarumbeta lilikuwa juu ya kitanda alichofia Danieli. Ndilo alilokuwa akilichezea.

Asubuhi ya safari, Fundi Haule, mkuu wa bendi, alikuja akasimama nje ya uzio wa minyaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Usivuke hapo.”

“Sivuki. Baba Martha, pole sana ndugu yangu. Wewe baki umlilie mtoto. Nirushie tarumbeta tu, nitalipiga mwenyewe.”

“Halitoki, Haule.”

“Mimi Mngoni! Msiba wa Kiiraqw utanijulia wapi?”

“Wewe hautakujua,” baba alisema. “Na mapacha wako?”

Fundi aligeuka kulitazama lori. Wale wa saksafoni wakapaza sauti kutoka lorini: “Fundi, likipanda hilo sisi tunashuka. Nasi tuna watoto.”

“Mnaendesha mashine kubwa kama nyumba,” Fundi akasema, “halafu kichuma hiki kimewashinda!” Akaenda zake akijifuta uso kwa kofia.

Huko redioni, tulivyokuja kusimuliwa, waliupiga wimbo ule ukawa majibu matupu. Wakaambiwa warudi siku watakayokuwa kamili. Hawakurudi. Tulipomaliza kujitenga, shamba lilikuwa limeanza kupunguza watu, na Fundi Haule alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Vyombo vilifungiwa ghalani, na sijui vilikoishia, maana ghala lenyewe limebaki kuta.

Leo penye ngano pana magugu. Kombaini zimekaa bila matairi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Watoto wa huko wanaimba nyimbo za Kinshasa neno kwa neno, wala hawajui kwamba babu zao walikuwa na wimbo. Baba hamlaumu bibi. Ila huniuliza kama siku ile tulimwokoa mtoto yeyote.

Sasa ni mgonjwa. Jioni hujaribu kuupiga ule wimbo kwa mluzi, akafika pale ambapo saksafoni ziliingia, akanyamaza, maana sehemu ile haikuwa yake na hakuwahi kujifunza. Wale wawili wa Tumati wamekufa. Kama ulicheza pale karakana na bado unakumbuka walivyojibu, niandikie, hata kama ni mstari mmoja, nimwimbie angali anasikia.