Koti Kwenye Kiti cha Bwana Harusi

Sijasoma sana, lakini macho ninayo, na jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu hapa Mbozi, jua halijazama bado. Ukitaka kucheka, cheka. Mkono wangu wa kulia hauchekeshi.

Mjukuu wangu Tumaini ni mpiga picha. Si hizi za vitambulisho. Yeye huwapanga watu kama kwenye maigizo, aonyeshe maisha ambayo yangeweza kuwa. Siku hiyo alitaka kunipa harusi, maana mimi na babu yake tulifunga ndoa bila picha hata moja. Akanivika shela alilonunua Tunduma, akaweka viti viwili kando ya vichanja vya kuanikia kahawa.

"Sasa bwana harusi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Kiti kibaki kitupu, Bibi. Tuwekee kitu chake tu."

Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu msiba ukiisha. Mimi koti moja la mume wangu nililificha miaka yote, kiburi tu. Nikalitoa, nikalitundika kwenye kile kiti.

Tumaini akarudi nyuma na kamera yake. "Mnyooshee mkono. Mwangalie kama yupo."

Nikaangalia. Alikuwepo. Kijana, ndevu hazijajaa, kama siku ile ya kanisani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Akanishika mkono, baridi ikapanda hadi begani.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe umekufa."

"Hapo hapo, Bibi," Tumaini akasema. "Endelea." Hakuona kitu, masikini. Alidhani naigiza.

"Twende," mume wangu akasema.

Niamini, nilitaka kwenda. Nilimpenda yule mwanamume. Kisha nikamwona mjukuu wangu, amefumba jicho moja nyuma ya kamera, na nikajua ni nani angeniokota pale chini.

"Bado," nikamwambia. "Kahawa iko juani."

Akaniachia.

Picha ile imeonyeshwa mpaka Dar es Salaam. Mimi naonekana, kiti ni kitupu, ila mkono wa koti umenyooka hewani kunifuata. Watu humuuliza Tumaini alitumia waya gani. Yeye viti vitupu hapangi tena. Koti nilimpa shemeji yangu kesho yake, kama ilivyopaswa. Mkono wangu wa kulia bado ni wa baridi. Kahawa nachuma kwa kushoto.

Igizeni mtakacho, wajukuu. Kiti cha marehemu msikiandae. Mimi nilimjibu "bado", sikumwambia "hapana", na yule bwana hakuwa mtu wa kusahau.