Kibao cha Mwalimu Natalia

Natalia hakuwa mwalimu wa chuo, wala hakujifanya. Alimaliza darasa la saba kule kwao Tumati, milimani, na enzi zile serikali ilitaka kila mtoto akae darasani wakati walimu hawatoshi. Basi vijana kama yeye wakapewa chaki na mafunzo ya jioni, wakaambiwa haya, fundisheni. Yeye akatupwa chini uwandani Hanang, kwa wafugaji, pembeni mwa shamba la ngano la serikali. Vumbi na jua, na matrekta yananguruma toka alfajiri. Baridi ya kwao aliikumbuka mpaka akalia, lakini hakurudi.

Darasa lilikuwa ghala la zamani la mahindi. Ubao ulikuwa mlango uliong'olewa bawaba, umechakaa hata chaki haishiki. Natalia akawagawa watoto watano watano. Hawa wanachora herufi kwa kidole kwenye majivu, wale wanapanga punje za mahindi juu ya ngozi ya ng'ombe mpaka itoke "ba", itoke "be", na kikundi kimoja tu ndicho kinasoma kwenye ule mlango-ubao pamoja naye. Alikuwa mkali, wee! Ukikosea unarudia mpaka ulimi uchoke. Na kila siku kabla ya kutoka waliimba wote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Watoto hao walikuwa wa vibarua wa shamba; wafugaji wenyewe hawakuwa na imani na mambo hayo. Mzee Gidahosh ndiye mfugaji aliyetangulia kutoa mtoto, binti yake Udamis, na wenzake wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Nakupa huyu mpaka mvua zije," alimwambia Natalia. "Akijua kusoma, nitaleta na wadogo zake, na ndugu zangu nao wataleta wa kwao. Asipojua, anarudi kwenye ndama, na wewe usije tena bomani kwangu kuomba mtoto."

"Atajua, baba."

"Tutaona."

Natalia akamng'ang'ania yule mtoto kama roho yake. Udamis alianza kwa shida, maana hata Kiswahili chenyewe alikikuta pale pale ghalani. Lakini siku moja alipanga punje zake kimya kimya, akainua uso. "Mwalimu, hii ni maji." Jamani! Natalia alitoka nje akajifanya anapenga kamasi.

Sasa, kosa lilivyoingia. Shamba lilikuwa limelimwa mpaka likaimeza njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Nicodemo, karani wa shamba, akaja ghalani na kibao cha mbao na kopo la rangi nyeusi.

"Mwalimu, wewe una mwandiko, mimi wangu ni wa kuku. Niandikie hapa: njia imefungwa. Rangi itakayobaki, paka ubao wako."

Natalia akautazama ule mlango wake. Mwaka mzima alikuwa anaomba rangi, hapewi. Ungekuwa wewe ungekataa? Akaandika, kwa herufi zilezile kubwa za darasani. Halafu kwa huruma yake, bila kutumwa na mtu, akaongeza mstari wa pili ili watu wasije wakapigwa na walinzi: PITA KORONGONI. Wema mwingine Mungu atuepushe nao.

Yeye alikuwa mtu wa milimani, korongo la uwandani alilijua kwa macho tu. Aliliona kavu, mchanga mtupu. Hakujua kuwa mawingu yakikaa juu ya mlima Hanang, maji yanateremka ghafla huku chini jua linawaka.

Jumamosi moja mawingu yalikaa. Udamis na kaka yake walikuwa wanapeleka ndama majini. Kaka hakuwahi kuingia darasani, akataka wakate katikati ya ngano kama siku zote. Udamis akasimama mbele ya kibao, akafuata herufi kwa kidole mpaka mwisho.

"Njia imefungwa. Inasema tupite korongoni."

"Huoni mlima? Baba anakataza!"

"Huu ni mwandiko wa mwalimu. Mwalimu ndiye amesema."

Wakagombana, kila mmoja akashika njia yake na ndama wake. Kaka alikamatwa na walinzi, akapigwa fimbo, akarudi bomani anachechemea. Udamis hakurudi. Walimkuta kesho yake mbali kabisa, matope yamemfunika mpaka kifuani, ndama wamelala huku na huku.

Natalia alikwenda bomani kwa miguu. Njia nzima aliomba atukanwe, apigwe ikibidi, angalau apumue.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kile kibao niliandika mimi."

"Najua. Kijana amesema." Mzee alikuwa anatazama chini. "Mimi sisomi. Nisomee kinasema nini."

Natalia akamwambia maneno yote.

"Ndivyo alivyomwambia kaka yake," alisema Gidahosh. "Kwa hiyo alisoma sawasawa?"

"Alisoma sawasawa, baba."

"Hakukosea?"

"Hakukosea hata herufi moja."

Mzee akainua uso, akatazama mbingu. Kisha akasema, "Na mvua bado hazijafika hapa kwetu. Mimi nilitoa neno. Nitaleta wadogo zake."

Uchungu kama ule Natalia hakuwahi kuupata maishani, na aliishi sana. Afadhali angechapwa.

Jumatatu wakaja kweli, wawili, wameshikana mikono. Ubao ulikuwa mweusi mpya, unang'aa. Natalia akawakalisha kwenye ngozi, akawapa punje, akawaonyesha "ba". Siku ikapita hivyo. Saa ya kutoka watoto wakasimama wenyewe wakaanza: asiyesikia la mkuu...

"Basi!" Natalia alipiga ubao kwa kiganja. "Nyamazeni. Wimbo huo hatuimbi tena."

Wakamtazama. Akapangusa uso kwa mkono wenye chaki.

"Mkiona mawingu mlimani, asipite mtu korongoni. Hata kama nimeandika mimi."