Silambloki Katika Ndobo ya Unga

Nikisikia harufu ya mpira unaoungua, hata ukiwa ni kandambili ya mtoto iliyoangukia jikoni, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Mume wangu amezoea. Hunitania kwa kuniuliza kama nyumba inaungua, nami humjibu kwamba haiungui, kisha naenda kufungua dirisha. Leo nitawasimulia ninyi jambo ambalo yeye nilimwambia nusu tu.

Papa yangu alikuwa na jeep. Kwetu Kalemie gari lolote la kupanda milima ni jeep, hata likiwa zee kiasi gani, na lile la Papa lilikuwa zee kweli. Lilikuwa likishusha watu na magunia ya maharage kutoka Kirungu, na barabara ile ilikuwa imelila kila mahali. Vilivyokwisha zaidi ni silambloki. Wenzetu wa Kigoma wanaziita bushi: ni mipira minene yenye bomba la chuma katikati, inayokaa pale springi inaposhikana na shasi, ili chuma kisigonge chuma. Za Papa zilikuwa zimebaki maganda. Jeep ikiingia shimoni ilikuwa inagonga go-go, go-go, unaisikia tangu kwenye reli.

Mlio ule tuliuita kengele. Kutoka kwenye reli mpaka mlangoni kwetu palikuwa na mashimo tisa, na mashimo tisa yalimtosha Mama. Aliinjika sufuria, akazima redio, akafuta meza, akanituma niwatoe wadogo zangu wawili kwa mlango wa nyuma. Jirani yetu, Mama Sofi, alibeba kiti chake na kusema, "Kengele hiyo, miye naenda," akapenya kwenye uwazi wa ua wa matete. Papa alipoingia alikuta nyumba imenyooka, na siku nyingi hakupata sababu. Nasema siku nyingi, si zote.

Maana Papa alikuwa anapiga. Sitazunguka. Hakuwa mlevi, na kanisani walimsifu kwa hilo. Alipiga akiwa na akili zake zote, shati limechomekwa, kwa mkanda wa feni wa zamani alioutundika nyuma ya mlango pamoja na kofia yake. Mboga iliyopoa ilitosha, au jibu lililochelewa. Alimpiga Mama bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, na sisi chumbani tulizibana masikio. Nilimchukia. Tena nilimpenda alipoimba akiendesha, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Nilipokuwa na miaka kumi, Papa aliagiza silambloki mpya kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa Baraka aliyekuwa anavuka ziwa kwenda Kigoma. Zilipofika, Papa alikuwa safarini, akazipokea Mama. Papa aliporudi, hazikuonekana.

"Nilizitia juu ya kabati," Mama alisema. "Pengine muntu aliingia."

"Muntu gani huyo, Mama Feza? Anaiba silambloki, anaacha redio?" Papa hakupaza sauti. "Siku ya Mungu nikitoka kanisani nizikute. Kama hapana, tutazungumza."

Mazungumzo yake tuliyajua. Basi nikaamua kwamba mimi, Feza, ndiye nitakayemwokoa Mama. Nilitafuta chini ya vitanda, ndani ya magunia, mpaka chooni. Jumamosi, nilipokuwa nachota unga wa muhogo wa kupikia bukari, bakuli likagonga kitu kigumu chini kabisa ya ndobo, ile ndoo yetu ya unga. Zote nne zilikuwa mle, katika mfuko wa plastiki uliopasuka. Sikujiuliza zilifikaje huko. Nilizifuta kwa sketi yangu nikakimbia nazo barazani. "Papa, nimezipata. Zilianguka nyuma ya kabati."

Papa alichukua moja, akaiinua kwenye jua, akapuliza tundu lake. Unga ukaruka. Akamtazama Mama aliyesimama mlangoni, kisha akaniambia nimefanya kazi nzuri. Mama alinitazama tu, muda mrefu, nami nikaona ni shukrani.

Kesho yake, baada ya ibada, Papa aliinua jeep kwa jeki, akafungua springi, akazimwagia petroli silambloki kuukuu na kuzitia moto. Mpira ulilia, ukachuruzika, moshi mweusi ukaingia hadi kwenye nguo za Mama Sofi zilizoanikwa. Mabomba yaliyokwama aliyapasua kwa msumeno, kisha akayashambulia kwa patasi na nyundo. Kila pigo nililisikia katika nyayo zangu. Alinipa heshima ya kuzipaka mpya sabuni ili ziteleze, nami nikazipaka kwa majivuno. Akazivuta ndani kwa bolti ndefu na nati kubwa, akikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, na hakuinua kichwa.

Jumatatu jioni Mama alikuwa ameketi chini, Mama Sofi anamsuka, redio inaimba, moto haujawashwa. Hatukusikia kitu. Mlango ulifunguka tu.

"Endelea kusuka, Mama Sofi," Papa alisema. Mama Sofi aliacha kiti, akaacha na kitana.

"Ulizani sikuona ule unga?" akamwuliza Mama. "Ulitaka kuuzisha silambloki zangu."

Papa alimkamata kwa upande wa kichwa uliokwisha kusukwa akamburuta. Safari hii hakuchukua mkanda. Alitumia ngumi, halafu buti. Nilimrukia nikamuuma pajani, akanitupa juu ya ndobo ya unga, tukaanguka pamoja, mimi na ndobo. Alipochoka alinawa mikono, akaomba bukari. Jino la Mama nililiokota asubuhi, katika unga uliomwagika.

Nusu ya jambo niliielewa siku ileile: gari lililonyamaza lilikuwa hatari kwetu. Jumapili iliyofuata, Papa aliposinzia baada ya kula, nilichukua nati tatu katika kopo lake, nikatambaa chini ya jeep na kuzitumbukiza katika tundu la mhimili wa shasi, ambao ndani ni mtupu. Kesho yake kengele ikarudi: kra-kra-kra. Papa alikaza kila bolti. Alimlaani yule mtu wa Baraka. Alifungua springi mara mbili, akalala chini ya gari, bisibisi sikioni, akisikiliza kama daktari, na mimi nilichekea ndani ya kanga ya Mama. Hakuipata. Mlio ule ulitulinda miaka mitano, mpaka alipopooza upande mmoja na jeep ikawa nyumba ya kuku.

Ila moyoni nilibaki na lawama. Niliamini maneno ya Papa, kwamba Mama alitaka kuuza silambloki, na kwamba tamaa yake ndiyo iliyomtoa jino. Siku moja, nikiwa msichana mwenye mdomo, nilimwambia hivyo usoni. Mama alikubali tu, "Njo hivyo."

Mwaka jana, baada ya kumzika Papa, tulimwita fundi aikate jeep. Alipoukata mhimili na kuuinamisha, nati zikamwagika mchangani. Nilizihesabu huku nacheka. Zangu zilikuwa tatu. Pale chini palikuwa na kumi na moja, na katikati yake kishikio cha kifuniko cha sufuria yetu kubwa, kile kilichopotea nikiwa mtoto, tukawa tunafunua sufuria kwa kitambaa miaka na miaka.

Mama aliinama, akakiokota, akakifuta kwa kidole.

"Nati zako zilikuwa zinatokea kwa tundu la chini," alisema. "Barabara ya Kirungu ni mubaya. Nilikuwa naongeza."

"Mama, na zile silambloki, kwenye unga... ulitaka kengele isinyamaze?"

"Ulikuwa mutoto, Feza. Ulitaka kuniokoa."

Nililia mbele ya fundi, bila aibu. Nilikumbuka alivyonitazama pale mlangoni, unga ukiruka juani. Haikuwa shukrani. Alikwisha kujua kinachomjia, na alikuwa anaukaza uso wake ili mimi nisijue.