Mlango Mdogo wa Kanisa la Mawe

Ilikuwa Jumanne, Januari ya mwaka wa tisini na nane. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, upepo ukishuka mlimani na kuleta vumbi, maana mvua ilikuwa imekataa tangu Krismasi. Naandika nikiogopa kukosea. Nilisoma hadi darasa la sita tu, na wengine waliokuwepo wanakumbuka tofauti. Nitasema nililoliona.

Tuliishi magharibi ya Naro Moru, kwenye vishamba vilivyokatwa kutoka ranchi ya mzungu mmoja aliyehama zamani. Alituachia ua wa mikaratusi, na kanisa. Kanisa la mawe, refu na jembamba, madirisha kama nyufa, paa la mbao za mutarakwa zilizogeuka kijivu kwa jua. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Cucu, aliliona likijengwa. Akiwa msichana aliwatekea mafundi maji. Mawe yalichongwa mtoni yakavutwa na ng'ombe, na fundi mkuu alikuwa Mhindi kutoka Nyeri ambaye aligonga kila jiwe kwa nyundo na kulisikiliza kabla ya kulipanga.

"Jiwe ikilia vibaya anatupa," Cucu alipenda kusema. "Na sisi pia tulitupwa. Tulijenga, halafu tukaonyeshwa mlango ya nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wa wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango mdogo wa kaskazini, akapita chumba cha kuvalia kanzu, akashuka ngazi na kukata kona. Wazungu walipoondoka, sisi tukaendelea kupita huko huko. Hakuna aliyetulazimisha. Mlango mkubwa ulifunguliwa kwa bibi harusi na kwa maiti tu. Ukiupita siku nyingine, watu walisema unajiitia moja ya hayo mawili.

"Harusi nilishapata," Cucu alicheka. "Hiyo ingine ati iniharakishe ya nini?"

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji na nyasi, kati yetu wakulima na wafugaji wa ng'ambo ya mto. Ni lazima niseme haya: wiki iliyotangulia, vijana wa kwetu walichoma maboma yao kwa sababu mbuzi wa mtu wetu walikuwa wameibwa. Nani alianza kabla ya hapo, sijui. Nimewahi kuuliza. Kila mtu anaanzia hadithi mahali panapompendeza.

Saa nane hivi za mchana nilikuwa naanika nguo, mtoto wangu Kimani mgongoni. Cucu alikuwa kivulini akichambua maharagwe. Mbwa wakabweka upande wa mto, halafu wakanyamaza wote pamoja.

Moshi ukatokea.

"Mama Kimani, kwa kanisa!" jirani alipiga kelele. "Mawe haichomeki!"

Tulikimbia. Cucu hakuweza kukimbia. Alitembea upesi nikimvuta mkono. Tulipita mbele ya mlango mkubwa, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningeugusa. Wote tuliuacha, tukazunguka ukuta hadi kaskazini, kama Jumapili.

Ndiritu, mzee wa kanisa, alisimama pale akipanga watu. "Mmoja mmoja! Msikanyagane, hapa si soko!"

Funguo zote zilikuwa ndani ya koti lake, ule wa mlango mkubwa pia. Hakuukumbuka. Hata mimi sikuukumbuka, wala waliosoma, wala vijana. Miaka hii yote nimetafuta mtu mmoja aliyesema siku ile, fungueni ule mwingine. Sijampata.

Mishale ikaanza kugonga ukuta.

Watu wakasukuma.

"Pitisha mtoto," Cucu aliniambia.

"Shika nguo yangu."

"Nimeshika. Enda!"

Nilibanwa, nikainuliwa, miguu haikugusa ngazi. Nilikuwa nausikia mkono wake ukivuta leso ya mtoto. Halafu sikuusikia.

Nikamwita. Kila mtu ndani mle alikuwa anaita mtu.

Mlango ukafungwa.

Askari walifika kabla ya jua kushuka, wakapiga risasi hewani, kelele za nje zikaisha. Tulipofungua, uwanjani kulikuwa na watu wetu waliouawa kwa mishale. Hilo nalisema wazi, mtu asidhani nawafichia wauaji.

Cucu alikuwa ameketi pembeni mwa mlango, mgongo kwenye jiwe. Nikafungua vifungo vya sweta yake. Hakuwa na mshale. Hakuwa na alama ya panga. Hapakuwa na tone la damu. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimebonyea ndani, na shavu lilikuwa limechubuliwa na ukuta.

Mume wangu alifika kutoka Nanyuki, alikokuwa kwenye kibarua. Alikuja na wanaume wenye mapanga.

"Wamemfanyia mama yangu nini?"

"Leo hakuna kulala huko ng'ambo!" mmoja wao alisema. "Cucu wetu jamani! Mama wa watu!"

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo sijui kama ingekuwa bora.

"Hawakumgusa, Baba Kimani," nikasema. "Ni sisi. Tulimbana hapa."

"Nyamaza, mama! Unatetea watu wametuchomea?" yule mwenye panga alifoka.

"Mwangalie mwenyewe."

Baba Kimani alipiga magoti. Akampapasa mbavu taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha. Kisha akavua koti akamfunika.

"Ni kweli," alisema. "Msiende kwa jina lake."

Wachache waliweka mapanga chini. Wengine walisema wao wako na majina ya wafu wao wenyewe, wakavuka mto. Waliporudi hawakusimulia walichofanya, na hakuna aliyewauliza.

Nimejaribu kuipima hasara hiyo kwa haki. Wenye mishale ndio waliotukimbiza, hilo siwaondolei. Lakini uzito uliovunja mbavu zile ulikuwa wa watu niliowajua kwa majina, na wangu ulikuwamo. Nikigawanya lawama, kila mara kinabaki kipande kisicho na mwenyewe. Labda mtu aliyesoma zaidi angejua pa kukiweka.

Jioni hiyo tulikula viazi vya kuchemsha, bila chumvi, sakafuni kanisani. Baba Kimani alimmenyea mtoto kimoja. Chake alikishika mpaka kikapoa, akakirudisha sufuriani.