Kila alipofungua mlango, mashine ya hewa ilinyamaza

Jua la saa nne limeshashika bati la kibanda, na mwanamke mwenye ovaroli ya bluu anafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake hawezi kulifanya kwenye joto kama hili. Anaingia, anageuka, anamwambia mwandishi wa makala haya, "Ingia haraka," kisha anafunga mlango na kusukuma komeo kwa ndani.

Kibanda chenyewe ni kidogo kuliko choo cha shule. Kuna pampu inayokoroma, bomba lililotokeza juu ya paa kunyonya hewa ya nje, kisanduku cha kupima vumbi, na chini yake kisanduku kingine chenye skrini ya kijani. Hicho cha chini ndicho kinachonasa takwimu. Kila baada ya dakika chache kinaandika namba na kuituma ofisi ya mazingira kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani yake, bila mtu yeyote kushika kalamu.

Leo mama huyu, fundi wa vituo vya kupima hewa kwa miaka tisa, hajagusa hata bisibisi. Ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, anajipepea kwa kipande cha boksi na kukodolea macho skrini.

Haupiti muda mrefu, namba zinaanza kupanda. Harufu kali ya asidi na chuma kilichoungua inapenya kwenye nyufa za bati na kushika koo. Kisha mlango unagongwa.

"Mama! Mbona umejifungia? Fungua mlango upate hewa!" Ni sauti ya mlinzi wa kiwanda, ya upole kabisa.

"Niko sawa baba, leo nasikia baridi!" anajibu, halafu anacheka kimyakimya mpaka mabega yanatikisika. Kicheko kinapoisha uso unabadilika. "Umemsikia? Eti nipate hewa. Hana hata haya."

Kituo hiki kimejengwa kando ya ukuta wa kiwanda kinachoyeyusha betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kimewekwa hapo kwa sababu kiwanda kilikuwa na umeme wa uhakika na mlinzi getini. Upande wa pili wa barabara kuna nyumba za watu, shule ya msingi na zahanati. Kazi ya kituo ni moja tu, kusema kama watu hao wanavuta hewa au wanavuta sumu.

Lakini kituo kina mlango, na kwenye fremu ya mlango kuna swichi ndogo isiyozidi kucha ya kidole. Mlango ukifunguliwa, kinasa takwimu kinaacha kuandika namba, kinaandika neno "matengenezo". Muda huo wote hauingii kwenye hesabu ya ofisi. Nia ilikuwa njema. Fundi akichomoa filta au akipiga brashi, vumbi la mikono yake lisije likahesabiwa kuwa ni vumbi la mji.

"Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza na nikaona ni akili," anasema. "Ukifungua, mashine inajua mama yupo kazini, inanyamaza. Ukifunga, inaendelea. Sasa nani angewaza kuna mtu amekaa anahesabu mimi nafungua saa ngapi?"

Ubaya ulianza kiyoyozi kilipokufa. Kisanduku hakipendi joto, kikichemka sana kinaweza kuzimika. Aliomba kiyoyozi kingine, akaambiwa bajeti haijafika. Akaomba tena, akaambiwa asisumbue. Mwishowe bosi wake akampa agizo kwa simu: siku zake za kuja hapo, ambazo ni tatu kwa wiki, afungue mlango asubuhi na auache wazi mpaka alasiri ili mashine ipoe. Akatii. Pangaboi dogo analotumia leo kupoza mashine, amelinunua mwenyewe kutoka kwenye mshahara ambao, kwa maneno yake, "unaisha mwezi ukiwa bado mchanga".

Mlinzi wa geti akawa mtu wa karibu. Alimtolea kiti, akamletea soda ya baridi, akamwita shemeji ingawa hakuna ndoa yoyote iliyowahi kuwakutanisha. Alimsifu kwamba katika mafundi wote aliowaona, hajaona mchapakazi kama yeye. "Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikakikaza," anasema mama huyu. Kumbe kila aliposukuma mlango, mlinzi alikwenda pembeni na kupiga simu tanurini: washeni.

Wa kwanza kuligundua hilo hawakuwa wahandisi, wala yeye. Walikuwa wanawake wenye nguo kwenye kamba.

Njia yake ya kwenda kituoni inapita katikati ya nyumba za ng'ambo ya barabara. Kwa miezi aliona kitu kilichomkera sana. Kila alipotokea na ovaroli yake, wanawake walitoka mbio kuanua nguo, hata zikiwa bado zinadondosha maji. Watoto nao walipokezana kelele: "Bi Moshi huyoo! Bi Moshi kaja!"

"Mimi nikajua wananiona mwizi wa nguo," anasema. "Nikasema moyoni, yaani na umri huu, na wajukuu juu, niibe kanga ya mtu? Iliniuma. Nikawa napita nimevimba, simsalimii mtu."

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Alisimama mbele ya kibaraza cha bibi mshonaji, mjane anayeshona sare za shule, ambaye alikuwa amekumbatia shuka mbichi.

"Mama, shikamoo. Hivi mnadhani mimi mwizi?"

"Marahaba mwanangu. Nani kasema mwizi?"

"Mbona mnaanua nguo nikipita?"

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia. "Si wewe, mwanangu, ni moshi. Ukipita wewe, sufuria halijachemka, moshi huo. Siku usizokuja wewe unatoka kidogo. Tunajua ratiba yako kuliko unavyoijua mwenyewe."

Lisemwalo lipo. Lakini siku ile Bi Moshi, kama tutakavyomwita kuanzia hapa kwa ruhusa yake, hakulielewa. Alidhani ni imani za watu waliochoka. Akamwambia bibi kwamba mashine haisemi uongo na kwamba namba za kituo zinaonyesha hewa ni ya kuridhisha. Bibi hakubishana. Alimwita mjukuu wake atoke ndani.

Alitoka msichana wa darasa la pili, mwembamba, anakohoa kwa kujizuia kama mtoto aliyekatazwa kupiga kelele. Daktari amepima damu yake akakuta madini ya risasi. Mwalimu wake anasema herufi alizokuwa akizisoma vizuri mwaka jana, mwaka huu anazisahau. Bibi alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya mazingira pamoja na majirani zake. Jibu lilikuwa hilohilo alilolitoa Bi Moshi: takwimu zinaonyesha hewa ni ya kuridhisha.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anaomba radhi kwa hasira. Mtoto anasahau alfabeti, na mtu mzima mwenye kiti cha kuzunguka anamjibu kwa wastani wa namba, ilhali saa mbaya zote zimeondolewa.

Kilichofumbua macho ya Bi Moshi ni ajali. Aliteleza kwenye ngazi akisafisha bomba la juu ya paa, akavunjika mkono, akakaa nyumbani mwezi mzima. Ofisi haikumtuma mtu mwingine. Mlango ukabaki umefungwa siku zote hizo, na mashine, ikivumilia joto lake, ikaandika bila kunyamaza.

Wiki ya kwanza, anasimulia bibi mshonaji, mtaa ulipumua. Kisha shehena ya betri ikajaa uani mwa kiwanda na wenyewe wakashindwa kusubiri. Tanuri likawaka mchana kweupe, siku baada ya siku. Kinasa takwimu kikaandika namba zilizozidi kiwango kinachoruhusiwa mara kumi na zaidi.

Sasa sikiliza ofisi ilivyofanya. Ilitazama mwezi ule, ikaona namba za kutisha, ikaamua kwamba mashine imeharibika kwa kukosa mtu wa kuitunza. Ikaufuta mwezi wote. Ripoti ya mwaka ikaandikwa kwa miezi kumi na mmoja iliyobaki, ikasema hewa ni ya kuridhisha, ikasainiwa.

"Narudi kazini na mkono wangu una plasta, bosi ananigombeza," anasema Bi Moshi. "Ananiambia, 'Mama, tazama mashine yako ilivyochanganyikiwa ulipolala.' Nikaenda kuipima kwa bamba la majaribio, lile tunalotumia kujua kama imepotoka. Ilikuwa nzima. Nzima kabisa! Nikakaa chini pale sakafuni. Maneno ya yule bibi yakanirudia moja moja."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa siku yake ya kawaida, akampa mlinzi salamu ya kawaida, akafungua mlango. Kisha akaurudisha polepole na kujifungia. Mlinzi alikuwa ameshapiga simu. Moshi ukaja, na kwa mara ya kwanza katika siku zake za kazi, ukakuta mashine iko macho.

Alizipeleka habari hizo kwa mhandisi anayesimamia takwimu, kijana aliyesoma na ambaye Bi Moshi anampenda kama mwanawe. Kijana hakubisha. Alifungua kompyuta, akalinganisha saa za matengenezo na malalamiko ya wakazi.

"Akaniambia, 'Mama, ni kweli. Lakini ripoti imeshasainiwa.' Nikamwuliza, mwanangu, kwani saini ni mhuri wa kaburi? Akasema hizi namba mpya zitawekwa kwenye uhakiki. Mpaka leo zinahakikiwa. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mwandishi huyu aliipigia simu ofisi hiyo. Msemaji alisema suala linashughulikiwa. Alipoulizwa na nani, alisema na wahusika. Meneja wa kiwanda, kwa upande wake, alijibu kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri: "Sisi tunafuata taratibu zote. Takwimu rasmi zinatuunga mkono." Kuhusu simu za mlinzi alisema hana taarifa, na kwamba mlinzi ana haki ya kuongea na wenzake.

Kwa nini yote haya sasa? Kwa sababu leseni ya kiwanda imefika mwisho, na Alhamisi hii kutakuwa na kikao cha wazi cha kuamua kama iongezwe miaka kumi. Ushahidi uliopo mezani ni ripoti ile iliyosainiwa. Ikipita kama ilivyo, mjukuu wa bibi mshonaji atamaliza shule, kama atamaliza, chini ya moshi huohuo.

Bi Moshi ameomba nafasi ya kuzungumza kwenye kikao hicho. Siku mbili baadaye bosi wake alimwita na kumkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao, na kwamba ofisi haipendi watu wenye midomo mirefu.

"Nilimwambia, bosi, mdomo wangu umekaa kimya na mashine yako miaka yote," anasema. "Mimi si mtakatifu. Naogopa. Nina mwanangu wa mwisho chuoni, nina kodi ya nyumba. Lakini kila nikimwona yule mtoto anavyojizuia kukohoa ili bibi yake asihangaike, naona nikikaa kimya nitakuwa nimemla mimi mwenyewe."

Anachotaka kukisema Alhamisi ni kifupi. "Rudisheni mwezi wangu mlioufuta. Uandikwe kwenye ripoti, usomwe kwa sauti mbele ya watu. Halafu mkiwa na moyo wa kutoa leseni, toeni."

Jioni tunamkuta kwenye kibaraza cha bibi mshonaji, amesimama amenyoosha mikono, anapimwa. Gauni ni la kikao. Bibi amekataa katakata kulipwa, na wameshagombana kwa hilo mara mbili.

"Kiunoni nikuachie nafasi?" anauliza bibi, pini zikiwa mdomoni.

"Nibane mama. Wakinifukuza kazi, wanifukuze nimependeza."

Majirani wanaangua kicheko. Bibi peke yake hacheki. Anatoa pini mdomoni, anazichomeka moja moja kwenye mto wake mdogo, kisha anamtazama mjukuu aliyeketi kizingitini na kitabu, akifuatisha mstari kwa kidole na kurudia neno lilelile.

"Na mimi nakwenda na huyu," anasema. "Hiyo hewa yao ya kuridhisha, wamsomee yeye, wakimtazama machoni."